Fatuma Juma Yupi?

Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya katika hospitali moja ya wilaya, mkoani Morogoro. Watu wengi hawajui kama kazi hii ina jina. Wanatuita "wale wa kadi" au "pale dirishani". Kabla mgonjwa hajapimwa presha, kabla hajamwona daktari, kabla hata hajajua kama dawa zipo, anapita kwangu. Nilianza enzi za majalada ya kaki yaliyopangwa kwenye rafu mpaka karibu na dari. Leo nina kompyuta, nina printa ndogo ya kutoa stika, na rafu zile zile bado ninazo, maana hakuna aliyeniambia nizipeleke wapi.

Kila ninaposikia redioni kwamba nchi inajenga mfumo mmoja wa kidijitali wa taarifa za wagonjwa, ili mtu aliyetibiwa Mwanza leo daktari wa Mtwara aone historia yake kesho, nafurahi kwa dhati. Nimeona wagonjwa wakirudia kipimo kile kile kwa sababu karatasi ya majibu ilibaki kwenye mkoba mwingine. Lakini swali langu ni la dirishani: daktari wa Mtwara atafungua taarifa za nani?

Jaribu kuandika "Fatuma Juma" kwenye kompyuta yangu. Itashuka orodha inayojaza kioo kizima: Fatuma Juma, Fatma Juma, Fatuma Jumaa, Fatuma J. Juma, Fatuma Juma Hamisi, Fatuma Hamisi Juma. Baadhi ni wanawake tofauti kabisa. Baadhi ni mwanamke mmoja aliyekuja kwa nyakati tofauti, akaandikwa na makarani tofauti. Hiyo ni wilaya moja tu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na mfumo wa taifa unapaswa kumjua kila mmoja wao bila kumchanganya na jirani yake. Wanaozungumzia seva, nyaya na vishikwambi wanazungumzia sehemu ya kazi iliyo nyepesi.

Majina yetu hayakutungwa kwa ajili ya kompyuta. Aliyezaliwa Ijumaa ni Juma au Mwajuma, wa Alhamisi ni Hamisi, wa mwezi wa mfungo ni Ramadhani, na miezi inayoutangulia inatuletea akina Rajabu na Shabani. Upande wa pili wako Maria na John wasiohesabika. Jina la pili ni la baba, la tatu ni la babu, lakini mwanamke akiolewa huenda akaja na la mume, na kliniki ya watoto wote wanamjua kama Mama Zawadi. Ongeza matamshi. Mama anasema "Lehema", karani anaandika Lehema; wiki ijayo karani mwingine anasikia "Lehema" huku akijua ni Rehema, anaandika Rehema. Hassani anakuwa Asani. Mohamedi ana namna nyingi za kuandikwa kuliko ninavyoweza kukumbuka, ukiacha Mudi.

Mzee mmoja alifika dirishani asubuhi ya kliniki ya presha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Naomba faili langu, leo ni siku yangu."

"Jina lako kamili, baba?"

"Rama."

"Rama nani?"

"Rama fundi. Pale stendi muulize yeyote."

"Kwenye kitambulisho umeandikwaje?"

"Aah, kule waliandika Athumani. Hilo la shule."

"Na ulizaliwa lini?"

"Tarehe sina. Mwaka ni hamsini na tatu, au hamsini na nne."

Sasa angalia kinachotokea. Mtu asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa anajaziwa na karani, kwa sababu kompyuta haikubali nafasi iwe tupu. Makarani wengi huweka tarehe 1 Januari. Wengine, waliofundishwa kugawa mwaka katikati, huweka 1 Julai. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa na jalada la Ramadhani aliyezaliwa Januari 1, 1953, na jingine la Athumani aliyezaliwa Julai 1, 1954. Presha yake ya mwaka uliotangulia ilikuwa kwenye moja, dawa zilizobadilishwa zilikuwa kwenye jingine. Tuliyaunganisha kwa namba ya simu, nayo haikuwa yake, ilikuwa ya binti yake. Kompyuta isingemgundua. Aliyemgundua kupitia namba hiyo ni mwenzangu wa dirisha la pili ambaye ni jirani yao.

Ziko programu za kuwatafuta watu wa namna hii. Zinalinganisha jina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na simu, kisha zinatoa alama: hawa wawili wanafanana kwa kiasi gani. Alama zikiwa juu sana, taarifa zinaunganishwa. Zikiwa chini sana, zinaachwa. Za katikati zinapaswa kwenda kwa binadamu aamue. Njia mojawapo ya zamani ya kulinganisha majina kwa sauti inaitwa Soundex, ilipata hataza Marekani mwaka 1918 na bado imo ndani ya programu nyingi hadi leo. Inashika herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo, halafu inageuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Ilitungwa kwa majina ya ukoo ya Wamarekani. Kwake, L na R ni sauti mbili zisizohusiana, kwa hiyo Halima na Harima ni watu wawili, na Rehema na Lehema hawakutani kabisa kwa sababu herufi ya kwanza ni tofauti. Asani naye hatampata Hassani maishani. Mtu aliyekulia Kanda ya Ziwa au uswahilini kwetu angewaambia watunzi hilo kabla chai haijapoa, lakini lazima kwanza waje kuuliza.

Hapa kuna jambo ambalo viongozi hawapendi kulisikia. Kumgawa mtu mmoja kuwa wawili ni hasara: vipimo vinarudiwa, fedha zinapotea, daktari anaanza upya. Kuwaunganisha watu wawili kuwa mmoja ni hatari. Tuseme Fatuma mmoja ana alama nyekundu kwamba sindano ya penisilini nusura imuue, na Fatuma mwingine hana shida nayo. Akija karani mwenye haraka akawaunganisha, daktari wa usiku atasoma historia ya mwanamke ambaye hajawahi kuishi duniani, yenye kundi la damu la mmoja na ujauzito wa mwenzake. Ndiyo maana mimi, kama sina uhakika, nawaacha wawili. Wenye takwimu wananilaumu kwamba nina wagonjwa wengi kuliko watu wa wilaya. Naipokea lawama hiyo bila kinyongo.

Dawa ya yote haya ni namba: namba moja, ya mtu mmoja, tangu anapozaliwa hadi anapofariki. Uingereza ilianza mwaka 2002 mpango mkubwa sana wa kuweka taarifa za wagonjwa wote wa England kwenye kompyuta. Mikataba mikubwa ilisainiwa juu, hospitali na madaktari wakaletewa mifumo ambayo hawakushiriki kuichagua, mabilioni ya pauni yakatumika, na mwaka 2011 Serikali yenyewe ikatangaza kuuvunja mpango huo. Lakini huduma ya afya ya Uingereza haikurudi gizani, kwa sababu kimoja kati ya vitu ilivyokuwa navyo ni namba ya mgonjwa yenye tarakimu 10, ambayo mtoto hupewa anapozaliwa. Mifumo ilikuja na kuondoka, namba ikabaki, na kila mfumo mpya unaikuta pale.

Namba hiyo ina ujanja ambao natamani kila anayetuundia mfumo aupende. Tarakimu ya kumi haichaguliwi ovyo. Inapatikana kwa kuzidisha zile tisa za mwanzo, kila moja na kizidisho chake, kujumlisha, na kugawa kwa 11. Karani akikosea tarakimu moja, au akizigeuza mbili zilizo jirani, hesabu inakataa na kompyuta inamwambia palepale: namba hii haipo, soma tena. Saa nne asubuhi, foleni imefika mlangoni, mtoto analia mgongoni mwa mtu, kinga hiyo ya tarakimu moja ina thamani kuliko semina ya wiki nzima.

Sisi tunayo namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ni namba nzuri, nami naiomba kila siku. Tatizo ni kwamba kitambulisho cha Taifa ni cha mtu aliyefikisha miaka 18, na wateja wetu wakubwa ni watoto wachanga na wa kliniki. Kwa mtoto kuna cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Serikali. Tangu mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA imekuwa ikisajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikitolewa bure hapo hapo na taarifa zikitumwa kwa simu. Kwangu mimi, hilo ni jiwe la msingi la mfumo wa taifa wa afya hata kama halikuwekewa utepe kwa jina hilo. Mtoto anazaliwa wodini, anasajiliwa wodini, anapata namba kabla hajapata chanjo ya pili. Kinachobaki ni namba hiyo ya cheti, ya kliniki, ya shule na ya kitambulisho iwe moja, au angalau zijuane.

Bila hivyo, tutaendelea na mgonjwa ninayemwogopa kuliko wote: anayesema "mimi ni mpya". Si mpya. Amepoteza kadi. Anajua akisema amepoteza ataambiwa asubiri tumtafute, na akisema ni mpya atapewa kadi nyingine mara moja. Simlaumu, foleni ni ndefu. Lakini kila "mpya" wa namna hii ni mtu mwingine anayezaliwa kwenye kompyuta akiwa na miaka arobaini, hana ugonjwa, hana mzio, hana historia.

Niseme kidogo kuhusu mahali tulipotoka, maana wapo wanaodhani tunaanza kutoka sifuri. Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vina MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, wenye vitabu vikubwa vinavyojulikana kwa namba. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wodi ya wazazi. Kufikia mwaka 2013, muhtasari wa vitabu hivyo ulikuwa unaingizwa nchi nzima kwenye DHIS2, programu iliyotokana na kazi ya Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa nchini na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni programu huria, haina mwenyewe wa kukudai leseni.

Msomaji ashike tofauti moja hapa, kwa sababu hata waandishi wa habari huichanganya. DHIS2 kama tunavyoitumia kwa ripoti za mwezi inajua kwamba kituo fulani kilitibu, tuseme, watoto 37 wa malaria mwezi Machi. Haijui ni akina nani. Inamsaidia Mganga Mkuu wa Wilaya kujua apeleke vyandarua wapi. Haimsaidii daktari aliyekaa na mtoto wa thelathini na nane. Mfumo wa taarifa za wagonjwa ni kinyume chake: unaanza na mtoto mwenyewe, na zile hesabu za mwezi zinapaswa kujitokeza zenyewe kama makombo ya kazi. "Zinapaswa," nasema.

Nenda kliniki ya wajawazito mwisho wa mwezi uone. Muuguzi amekwisha kumjazia mama kadi yake, ambayo mama anaondoka nayo. Ameandika mstari wa mama huyo kwenye Kitabu namba 6, mstari unaovuka kurasa mbili zilizofunguliwa, na ameweka rula ya mbao chini yake asije akateleza mstari. Kama mama amepimwa VVU, kuna rejesta nyingine. Kama kituo kina kompyuta, ameingiza huko pia. Sasa ni tarehe za mwisho, ameshusha rula ukurasa baada ya ukurasa, anahesabu waliopata dawa ya kuzuia malaria: vijiti vinne na cha tano kinavikata, vijiti vinne na cha tano kinavikata. Akimaliza, jumla inapelekwa kwenye DHIS2. Mama mmoja, tendo moja, maandishi mara nne au tano, na muuguzi ni yule yule aliyepaswa kumshika mama tumbo amsikilize mtoto amekaaje.

Kompyuta iliyoletwa juu ya vitabu bila kuondoa kitabu hata kimoja haijampunguzia muuguzi kitu, imemwongezea. Ndipo unapozaliwa ule ujanja ambao mimi na wewe tungeufanya: anaandika kwenye kitabu wakati wa kazi, halafu anaingiza kwenye kompyuta jioni, wote kwa mkupuo, ndani ya saa ile ile, wengine akiwakisia. Ukiona kwenye mfumo kwamba wajawazito arobaini walihudhuria kati ya saa kumi na dakika tano na saa kumi na dakika ishirini, hujaona kliniki yenye kasi. Umeona muuguzi aliyechoka. Kama ningekuwa na sauti wizarani, ningeomba sheria ndogo moja: hakuna mfumo mpya unaoingia kituoni kabla ya kutaja kitabu kinachotoka.

Na inawezekana, majirani zetu walituonyesha zamani. Mwezi Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, kilianza kutumia kompyuta kwa wagonjwa wake wa nje, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani. Kituo cha vijijini, si hospitali ya rufaa. Karani alimsajili mgonjwa anapofika, karatasi moja ikazunguka naye kwa daktari, maabara na dawa, na anapotoka karani akaiingiza kwenye kompyuta. Karatasi moja, maandishi mara moja. Walipopima matokeo walikuta muda wa mgonjwa kituoni umepungua kwa asilimia 22 na muda wa kusubiri kwa asilimia 38. Kutokana na kazi ile, mwaka 2004 ilianza OpenMRS, programu huria ambayo leo ni uti wa mgongo wa mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR, na imesambaa nchi nyingi duniani. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza sikuvutiwa na programu. Nilivutiwa kwamba waliobeba mzigo wote ule walikuwa makarani.

Zanzibar nao wamekwenda kwa njia yao, na wamekwenda mbali. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo tukisema "mfumo wa taifa" tunasema wizara mbili. Mpango wao wa Jamii ni Afya unawapa wahudumu wa jamii simu zenye programu inayowaongoza wanapotembelea nyumba, na kufikia mwaka 2021 ulikuwa umeenea wilaya zote za Unguja na Pemba. Wao hawakusubiri mgonjwa afike dirishani. Walimfuata mlangoni, ambako jirani anajua kwamba Rama na Athumani ni mtu mmoja.

Mambo mengine nayapita haraka kwa sababu yanajulikana namna ya kuyafanya. Ugonjwa lazima uwe na jina moja: daktari mmoja anaandika presha, mwingine HTN, wa tatu shinikizo la damu, na kompyuta inahesabu magonjwa matatu. Ndiyo kazi ya orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambamo presha ya kawaida ni I10 katika toleo la kumi. Toleo la kumi na moja lilianza rasmi Januari 2022. Kila kituo kiwe na namba, na vinazo. Mifumo tofauti izungumze kwa lugha moja, na lugha hiyo ipo, wataalamu wanaiita FHIR. Haya yanataka fedha na subira, hayataki miujiza.

Umeme na mtandao ni jambo jingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi yetu ikawa kati ya zilizoathirika sana. Fikiria hospitali ambayo kumbukumbu zake zote ziko mbali na kila kubofya kunahitaji mtandao: siku kama ile daktari anakaa mbele ya kioo kinachozunguka duara. Mfumo wa nchi kama yetu lazima ufanye kazi ndani ya kituo hata mtandao ukiwa umekatika, ukusanye, kisha upeleke mtandao ukirudi. Anayekuuzia mfumo mwulize hilo kabla ya bei.

Ukishauliza bei, uliza ni wa nani. Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, ikiendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 za Kenya uliojengwa na muungano wa kampuni. Miezi michache baadaye, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ikasema Serikali si mmiliki wa mfumo huo. Sitaki kuwacheka majirani. Sisi sote tunanunua. Ila kumbukumbu za magonjwa ya taifa zima ni kama shamba la ukoo, halipangishwi bila kuangalia hati iko kwa nani.

Nimeacha siri za wagonjwa mwisho kwa sababu ndizo zinazoninyima usingizi. Jalada la kaki linaweza kusomwa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya rafu. Jalada la kompyuta linaweza kusomwa na watu elfu kwa mara moja, nao wakiwa kwao. Mwaka 2019 Singapore, nchi yenye nidhamu na fedha, ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wanaoishi na VVU zilivujishwa mtandaoni. Hebu fikiria orodha kama hiyo ya wilaya yako, ikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi na misiba.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mfano mzuri wa utekelezaji ni Estonia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wapatao milioni 1.3, pungufu sana ya Dar es Salaam. Mfumo wao wa taifa ulianza mwishoni mwa 2008. Mwananchi anaingia mtandaoni kwa kitambulisho chake, anaona vipimo vyake, na anaona pia orodha ya kila mtumishi aliyefungua taarifa zake na lini. Daktari anayechungulia faili la shemeji yake ameacha alama ya kidole.

Lakini orodha hiyo ina maana pale tu kila mtumishi ana akaunti yake na neno lake la siri. Tembea vituoni uangalie pembeni ya kioo cha kompyuta: karatasi ndogo imebandikwa kwa gundi, neno la siri limeandikwa kwa kalamu ya wino. Daktari wa asubuhi anaingia, anakwenda wodini, watatu wengine wanafanya kazi kwa jina lake mpaka jioni. Si uhuni. Kompyuta ni moja, kutoka na kuingia kunachukua dakika mbili, wagonjwa ni wengi. Matokeo yake ni kwamba siku taarifa ikivuja, mfumo utamtaja mtu ambaye alikuwa chumba cha upasuaji. Kabla hatujanunua ulinzi wa gharama, tununue kompyuta za kutosha ili watu wasilazimike kuazimana majina.

Na tuajiri watu wa masjala. Vituo vingi vidogo havina mtunza kumbukumbu; anayesajili ni mhudumu aliyeazimwa kutoka usafi, au muuguzi mwenyewe. Halafu tunashangaa mfumo umejaa wagonjwa waliozaliwa Januari mosi. Karani aliyefunzwa, anayeulizia jina la babu, anayesoma namba tena kwa sauti, anagharimu kidogo kuliko seva, na bila yeye seva inahifadhi uongo kwa usalama mkubwa.

Wewe msomaji una sehemu yako pia. Ukienda hospitali, taja majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, hata kama mtaani unaitwa vingine. Beba namba ya NIDA, na kwa mtoto beba cheti chake cha kuzaliwa pamoja na kadi ya kliniki. Namba ya simu unayotoa iwe yako. Ukiona karani amekosea herufi, mwambie arekebishe. Hatakasirika, na akikasirika mwambie hivyo hivyo. Na ukipoteza kadi, tafadhali usiseme wewe ni mpya. Sema umepoteza, ukae kwenye benchi, tutakutafuta.